Ningu wa Nyalwelu: Maisha ya Mzee Ansgar Mageni

Ndugu, majirani wa Mwisolo, na ninyi mliosafiri kutoka Samuye, Tinde na Ushirombo: tunayemlaza leo, Ijumaa tarehe 15 Novemba 2024, ni Ansgar Mwigulu Mageni, yule mliyemwita Bwana Samaki hata baada ya kustaafu. Wasifu huu umeandikwa na familia na unasomwa na binti yake mkubwa, Apolonia. Mtusamehe mapema kama mahali fulani sauti itapanda. Marehemu alikuwa mpole mno, mpaka watu wakadhani upole ule ni kukubali, na jambo hilo lilimchosha kuliko ugonjwa.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika kijiji cha Samuye, Shinyanga Vijijini, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Mwigulu Mageni na Mama Martina. Nyumbani kwao kulikuwa na ng'ombe, vumbi, na ngitili ya babu yake. Wenyeji hamhitaji kuelezwa, lakini wageni wapo: ngitili ni malisho yanayofungwa mvua zikianza ili nyasi zikue, kisha yanafunguliwa kiangazi, mifugo inapokosa pa kuuma. Siku moja ya masika, Ansgar akiwa mchungaji, alichuchumaa kwenye dimbwi akiangalia kambale mpaka akasahau ng'ombe. Wakaingia ngitili, wakaifyeka. Kila mtu alingoja asikie fimbo. Babu hakuinua hata mkono. Alimwambia, "Ng'wanawane, mwanangu, ng'ombe wamekula kiangazi chao. Basi kiangazi utawalisha wewe." Na kiangazi kilipofika, Ansgar ndiye aliyetumwa kila kukicha kwenda mbali kukata majani ya ndama, jua likimchoma kisogo, wenzake wakicheza. Hakurudia tena. Kisa hiki alikisimulia mara nyingi hadi sisi watoto wake tukawa tunakimalizia wenyewe, naye anacheka. Mkikumbuke, tutakirudia.

Alisoma shule ya msingi Tinde kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, kisha sekondari mjini Shinyanga, akaishi kwa shangazi yake Ngokolo. Mwaka 1978 alichaguliwa kwenda Nyegezi, Mwanza, kusomea uvuvi. Wajomba zake walicheka hadi machozi. "Msukuma wa Samuye, mtoto wa ukame, anakwenda kusomea samaki! Atawachunga kwa fimbo?" Yeye akajibu kwamba dimbwi lile la kambale lilikuwa limeshamgharimu kiangazi kizima, bora amalizie masomo aliyoyalipia. Alihitimu mwaka 1980.

Mwaka 1981 aliajiriwa kama ofisa uvuvi huku Geita, na mwaka 1983 akapangiwa kata yetu. Hapo ndipo alipokutana na kijito cha Nyalwelu, na ndani ya kijito akakutana na ningu. Vijana wengi mliopo hapa ningu mnamsikia tu. Ni samaki wa asili wa maji haya, hakuletwa na mtu. Anakaa ziwani, lakini mvua za kwanza zikinyesha anapanda vijito kwenda kutaga. Ni samaki mchaguzi. Maji yakiwa tope, mayai yanafunikwa na kufa. Maji yakikosa hewa, anageuza. Mzee Ansgar alikuwa na sahani yake ya rangi nyeupe na nyeusi, iliyofungwa kamba, anaishusha majini kuona inapotea macho wapi. Alikuwa na kipimajoto, na chupa ndogo za dawa za kupimia hewa iliyomo ndani ya maji. Lakini kwanza aliinama, akapindua jiwe, akatazama wadudu walio chini yake. Wakiwapo wale watoto wa kereng'ende, alitabasamu. Wasipokuwapo, siku hiyo nyumbani tulikula kimya.

Alifunga ndoa na Salvina, binti wa Ushirombo, tarehe 29 Juni 1985. Safari ya kujitambulisha ukweni alikwenda na ningu wa kukausha aliyefungwa kwenye jani la mgomba. Mama mkwe akamtazama, akamtazama na yule samaki. "Wenzako wanaongea habari za ng'ombe, wewe umetuletea kitoweo?" Akamwahidi kwamba ng'ombe wanakuja, na kweli walikuja. Lakini siku hiyo ningu alipikwa, na kwa kuwa ningu ana miiba kama ufagio, baba mkwe akakwamwa na mwiba kooni katikati ya kumhoji mchumba maswali magumu. Alimezeshwa tonge la ugali mpaka mwiba ukapita. Alipopata sauti alisema, "Mchukue. Samaki wako ameshanishinda." Mama yetu anasema aliolewa kwa sababu ya mwiba.

Sasa tuje kwenye kazi iliyompa jina. Kufikia mwaka 2003 ningu walikuwa wanakwisha. Watu walitega nyavu mdomoni mwa kijito mvua zikianza, wakamvua samaki akiwa na mayai tumboni. Mzee Ansgar alikamata nyavu, zikaja nyingine. Alikamata tena, zikaja tena. Ndipo akakumbuka ngitili ya babu yake. Akaomba nafasi kwenye dagashida, baraza letu la jadi, mbele ya Mzee Ndaki, ambaye alikuwa kiongozi wa baraza hilo na mpaka leo ndiye.

"Nyasi mnazifungia zikue," alisema. "Samaki je, kwa nini hamumfungii?"

"Nyasi hazikimbii, Bwana Samaki," akajibu Mzee Ndaki, na baraza lote likaangua kicheko.

"Na ningu hakimbii, mzee. Kila mwaka anarudi palepale. Sisi ndio tunaomkimbiza."

Walibishana mpaka jua likageuka, lakini walikubaliana. Kijito cha Nyalwelu kikawa ngitili ya maji. Mvua za kwanza zikinyesha, hakuna wavu, hakuna ng'ombe kuingizwa majini, hakuna sabuni. Atakayekosa atapigwa mchenya, yaani faini ya jadi: mwenye sabuni atatoa mbuzi, na makosa mengine yote fahali, na dagashida itamchinja na kumla palepale. Ndivyo ilivyokuwa tangu mababu.

Mtu wa kwanza kupigwa mchenya mnajua ni nani? Mke wake. Mama Salvina alikwenda kijitoni na kipande cha sabuni kufua blanketi la mtoto wake wa mwisho, Rosemary, na povu likateremka mpaka walipokuwa wamekaa wazee. Wazee wakajifanya hawakuona, maana ni mke wa Bwana Samaki. Mzee Ansgar ndiye aliyesimama na kusema, "Sabuni ile ni ya kwangu." Mbuzi akatolewa, akachinjwa, akaliwa. Mama alinuna wiki nzima. Mbuzi yule alikuwa wake, na alikuwa na mimba. Lakini hakufua tena kijitoni.

Na ningu wakarudi, jamani. Mwaka wa tatu wa kufunga kijito, mvua ya kwanza ilipopiga, asubuhi watu walisimama ukingoni wakiwasikia wakipigapiga mikia kwenye nyasi zilizofurika, wengi mno. Hakuna aliyeshika wavu. Watu walikuja kuangalia tu, na mama wa mtu mmoja hapa alipiga vigelegele kama yuko harusini. Mvua zikipungua, kijito kikifunguliwa, kila nyumba ilikula. Tulidhani jambo limekwisha.

Mwaka 2015 dhahabu ikaonekana juu ya kilima cha Mwisolo. Hatuna ugomvi na dhahabu. Vijana wetu wamejenga kwa dhahabu, na wengine wamesomesha wadogo zao. Ugomvi ni mahali ilipooshewa. Makarasha ya kusagia mawe yalifungwa juu ya kijito, na chini yake ikachimbwa miyalo, yale mabwawa ya kuoshea mchanga, kwa zebaki, na maji yake machafu yakafunguliwa yateremke Nyalwelu. Wangeweza kuoshea bonde lile kavu la upande wa pili, halina kijito wala samaki. Lakini kule maji yangepaswa kuvutwa kwa mpira, na mpira ni kazi.

Mzee Ansgar alishusha sahani yake, ikapotea kabla kamba haijalowa. Alipindua jiwe, hakukuwa na kitu. Mvua za mwaka ule ningu walifika mpaka dimbwi la chini, wakazungukazunguka, wengine wakageuza, wengine wakaelea matumbo juu. Alikuja nyumbani akakaa na viatu vyake vyenye tope, hakuvua mpaka jioni.

Akaenda dagashida. Dagashida ikamwita Davis, mwenyekiti wa wenye miyalo. Davis ni mtu mwenye adabu, hilo lazima lisemwe. Alisalimia wazee mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, akasikiliza mashtaka, akakiri. Akapigwa mchenya wa fahali mmoja. Jioni ile ile fahali akafika, amenona, na gunia la mchele juu yake, na soda. Watu wakala. Mwezi uliofuata maji yakawa machafu tena, akaitwa tena, akakiri tena, akaleta fahali mwingine. Watu wakala. Na mwingine. Na mwingine. Ilifika mahali kina mama wanakutana na Mzee Ansgar njiani wamebeba sufuria, wanamuuliza, "Bwana Samaki, maji hayajachafuka bado?"

Mnacheka. Yeye hakucheka.

Fahali wa mchenya alikuwa anauma zamani kwa sababu alitoka kwenye zizi la mtu mwenye mafahali wawili. Kwa Davis alikuwa kama nauli ya kupita. Mzee Ansgar alilieleza hilo dagashida kwa upole, halafu kwa ukali, halafu kwa upole tena. Aliomba mchenya ubadilishwe: asile mtu nyama, ila mwalo uhamishwe bonde la pili, kama babu yake alivyomtuma kukata majani badala ya kumpiga fimbo. Mzee Ndaki akasema mchenya ni mchenya, mababu walikula, yeye ni nani abadilishe. Davis akasema, "Mzee Mageni, mimi si mkaidi. Nikikosa nalipa. Nitajie mtu mwingine hapa anayelipa kama mimi."

"Unatulipa sisi," Mzee Ansgar alimjibu. "Ningu umemlipa nini?"

 Kisha mtu akauliza kama ubwabwa umeiva.

Alikwenda ofisi za serikali pia, msidhani hakwenda. Njoo kesho, njoo Jumatatu, mwenye funguo amesafiri. Chupa zake za maji ziliwekwa kwenye friji ya ofisi moja mpaka umeme ukakatika zikaharibika. Wataalamu walikuja mara moja. Habari za ujio wao zilifika miyaloni kabla ya gari lao, makarasha yakazimwa, mifereji ikazibwa, na walipochota, maji yalikuwa yametulia. Wakasema yanafaa kwa samaki. Mzee Ansgar akawaambia, "Leo yanafaa. Rudini wiki ijayo bila kupiga simu." Wiki iliyofuata gari lilikuwa na safari nyingine.

Alistaafu mwaka 2018, akapewa cheti na saa ya ukutani. Hakuacha kupima. Kila mvua za kwanza alikwenda dimbwi la chini na sahani yake, na kila aliporudi mama alimuuliza, "Je?" naye alijibu, "Bado." Watu walianza kumwona msumbufu. Kijana mmoja alimwambia mbele ya duka, "Babu, si ununue sato wa bwawani tu?" Akamweleza, taratibu, kwamba sato wa bwawani analetewa chakula na mtu, lakini ningu anajileta mwenyewe, na samaki anayejileta ni dalili kwamba maji anayokunywa mtoto wako ni maji. Yule kijana akasema sawa, akaondoka. Ndivyo ilivyokuwa. Watu walisema sawa, wakaondoka.

Mwaka 2022 alianza kuvimba miguu. Alitibiwa Geita, baadaye Mwanza, na madaktari wakasema ni figo. Tunajua mnanong'ona kuhusu zebaki. Familia haisemi hivyo, kwa sababu yeye mwenyewe hakusema. Evance, mtoto wake wa pili, alipotaka kulisema kwa hasira pale wodini, marehemu alimkatiza: "Umepima? Kama hujapima, nyamaza." Hata akiwa kitandani hakukubali mtu amsaidie kwa uongo.

Alikubali jambo moja tu kulisema bila kulipima. Wiki ya mwisho alimwita Apolonia akamwambia, "Nikifa Davis ataleta fahali. Namjua, ana adabu. Msimchinje." Apolonia akamuuliza, baba, watu si wengi? Akasema, "Nimeishi na nyama hiyo miaka tisa sijaionja. Msinizike nayo." Alifariki Jumanne tarehe 12 Novemba 2024, saa moja asubuhi, mjini Mwanza, mkewe akiwa amemshika mkono. Simu ya kwanza kutoka nyumbani asubuhi hiyo haikuwa ya pole, kwa sababu habari zilikuwa bado kufika. Ilikuwa ya jirani yetu Mama Wema, akitaka kumwambia Bwana Samaki kwamba usiku mvua ya kwanza imenyesha Mwisolo.

Na fahali akaja. Jana saa nne asubuhi, mweusi, ana baka jeupe kwenye paji la uso, analetwa na Davis mwenyewe kwa mkono wake. "Shikamoo mama. Poleni sana. Mzee alikuwa mtu wa haki." Mama akamjibu marahaba, akamkaribisha kiti, akamwambia fahali hatachinjwa. Davis akatazama chini. Wazee ndio waliokuja juu. Mzee Ndaki akasema, "Mama Apolonia, ng'ombe wa rambirambi harudishwi. Ni kumtukana aliyemleta."

Mama yetu hajawahi kusema neno kwenye dagashida. Jana alisema, amekaa mkekani, bila kupaza sauti, na familia inaomba maneno yake yasomwe kama yalivyo:

"Mimi nilipigwa mchenya wa mbuzi kwa blanketi la mtoto. Mlimla mbuzi wangu, na mimba yake, na sikufua tena mtoni mpaka leo. Huyu amelipa mafahali miaka tisa. Ameacha nini?"

 Mzee Ndaki alizungusha fimbo yake mikononi muda mrefu. Mwishowe akauliza, "Sasa watu watakula nini?"

"Maharage," akasema mama.

Kwa hiyo leo, wapendwa, mtakula ugali, maharage na mlenda, na mtuwie radhi. Fahali yu hai, amefungwa nyuma ya ghala, amenyweshwa maji ya kisima. Baada ya maziko atarudishwa kwa mwenyewe, na mama yetu Salvina ndiye atakayeshika kamba. Njia ya kwenda miyaloni inafuata kijito, kuanzia dimbwi la chini mpaka makarasha, na anayetaka kufuatana naye asikatazwe. Mzee Ndaki ameombwa atembee mbele, akifika aseme kwa kinywa chake kwamba mchenya wa Nyalwelu hauliwi tena, na kwamba mwalo uhamie bonde la pili. Hajatupa jibu. Yupo hapa, mstari wa mbele, na anasikia.

Mzee Ansgar Mageni ameacha mjane, Salvina, watoto watatu, Apolonia, Evance na Rosemary, wajukuu saba, dada yake Lusia wa Samuye, na sahani moja ya kupimia maji, ambayo imewekwa juu ya jeneza kwa sababu hatukujua pengine pa kuiweka. Ningu hatukuwaandika kwenye orodha ya waliobaki. Mvua imenyesha tangu Jumatatu usiku, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1983 hakuna mtu aliyekwenda dimbwini kuangalia kama wamekuja.

Leo jioni mama akipita na fahali ataangalia. Pumzika kwa amani, Bwana Samaki. Mama akirudi, sisi ndio tutakaomuuliza, "Je?"